Mama yuko kituoni Kisumu, mimi niko Nakuru: nimtetee vipi bila kugombana na manasi?

Swali lenyewe kwa ufupi. Dada mmoja wa Nakuru ameandika kwamba mama yake ana miaka 76, nyumbani ni Vihiga, aliteleza nyuma ya jikoni akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, halafu akapelekwa kituo cha binafsi Kisumu akae wiki chache afanyiwe fizio, yale mazoezi ya viungo, ndio arudi nyumbani. Sai ni wiki ya pili. Kila akipiga simu anaambiwa "anaendelea vizuri", lakini akienda Jumamosi anampata mama amelala mchana kutwa, amevalishwa daipa na maishani hajawahi kuvaa, na usiku ati anaita mzee wake ambaye alishafariki. Kituo kimesema siku kumi zijazo atatoka. Kwenye WhatsApp ya familia ni kuvutana tu. Na anaogopa akiongea sana watammalizia mama hasira wakati yeye ameshapanda matatu kurudi Nakuru.

Dada yangu, pole sana, na asante kwa kuandika vitu venye umeviona kwa macho, maana hivyo ndio vinanisaidia kukujibu. Mimi kazi yangu ni fizio na wazee wa nyonga na kiharusi ndio nimekaa nao miaka mingi hapa Kisumu. Nitaanza na hii ya kulala mchana na kuita mzee usiku, juu hiyo haingoji mkutano wa familia wala Jumamosi ijayo.

Mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa na akili zake timamu, anahesabu pesa za maziwa bila kukosea, halafu ghafla analala kutwa na usiku anaongea na marehemu, huyo hajazeeka kwa wiki mbili. Wakikuambia "ni uzee tu", usikubali, kwa heshima lakini usikubali. Hiyo hali madaktari wanaiita diliriamu, inawapata wazee wengi baada ya kuvunjika nyonga na operesheni, na karibu kila mara iko na kitu kinaisababisha, na hicho kitu kinatafutwa. Uliza kama amepimwa mkojo na kifua kusikilizwa, uliza mara ya mwisho kwenda choo kubwa ilikuwa siku gani, juu kufunga choo peke yake kunaeza kumchanganya mzee, uliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku, na kama ana presha au sukari uliza vipimo vya jana na juzi. Uliza pia kama aligonga kichwa siku ile ya kuanguka. Mzee anaeza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu na dalili zionekane baada ya wiki mbili tatu, hasa kama anadungwa ile sindano ya kuzuia damu kuganda, na hiyo inaonekana kwa skani peke yake, si kwa kumwangalia usoni. Kama aligonga kichwa na sai analala hivyo, mwambie daktari leo, si kesho.

Halafu dawa. Omba kuona chati ya dawa, na usiridhike na kuambiwa "anapewa dawa ya maumivu na ya kulala". Unataka jina la kila dawa, ni ya nini, nani aliandika, na inaisha lini. Tramadol inatumika sana kwetu baada ya operesheni, na ni dawa nzuri kwa maumivu makali, lakini kwa mtu wa miaka 76 inaeza kuleta usingizi, kuchanganyikiwa na kufunga choo, vyote vitatu kwa pamoja. Diazepam, ile ya kutuliza na kulaza, kwa mzee ni hivyo hivyo, na hata Piriton, ile ya kikohozi na kuwashwa ambayo kila mtu anadhani haina neno, inamlaza mzee na kumvuruga. Usiambie mtu yeyote aache dawa, na usimfichie mama dawa asimeze. Sema hivi: "Daktari, mama amebadilika tangu aje hapa, naomba hizi dawa ziangaliwe upya moja moja." Hilo ni ombi ambalo daktari mzuri hawezi kulikataa, na ukilisema mbele ya nasi wa zamu uombe liandikwe kwenye faili.

Sasa nikueleze kitu ambacho nadhani ndio kiini cha swali lako. Unajiona huna nguvu juu hujui mambo ya udaktari. Lakini kuna habari moja ambayo wewe unayo na hakuna mtu kituoni anayo: wewe unajua mama alikuwa nani kabla ya kuanguka. Wao walimpokea akiwa kitandani, ana bandeji na maumivu, haongei sana, na kwa macho yao huyo ndio mama mwenyewe. Wakiona analala wanaona bibi mpole hasumbui. Kila kitu utakachodai huko, kuanzia fizio mpaka daipa mpaka tarehe ya kutoka, kinasimama juu ya hiyo habari, kwa hivyo iandike. Ukurasa mmoja, kwa mkono au uchapishe, iwekwe kwenye faili na nakala ibandikwe ukutani juu ya kitanda. Andika alikuwa anatembea mwenyewe mpaka wapi, kanisani au mpaka posho mil, kwa fimbo au bila fimbo. Anaenda choo mwenyewe, anaoga mwenyewe, anapika au hapiki. Anaamka saa ngapi. Anasikia vizuri sikio gani. Anavaa miwani na meno ya kuweka au la, na hivyo vitu viko wapi sai, juu nimeona miwani ikibaki imefungwa kwenye leso ndani ya kabati siku zote za kituoni na watu wanashangaa mbona bibi hatambui mtu.

Na lugha. Mama wa Vihiga mwenye uchungu, amechanganyikiwa, anaongeleshwa Kiswahili cha haraka na mtu amevaa maski, na mwenzake kando anaongea Kidholuo, atajibu "ndio" kwa kila kitu. Uko na uchungu? Ndio. Huna uchungu? Ndio. Halafu inaandikwa kwenye faili haelewi maagizo. Andika kwenye hiyo karatasi kwamba lugha ya mama ni Kimaragoli, na uandike maneno machache venye yanatamkwa, ya kusimama, kukaa, choo, maji, uchungu. Kisumu hukosi mfanyakazi wa kutoka upande wa Chavakali au Majengo, uliza ni nani hapo anaongea, hata kama ni mpishi. Nimeona mgonjwa aliyekuwa amefunga macho siku nzima akayafungua kwa kusalimiwa tu "mirembe".

Tukuje kwa fizio, hapa nitakaa kidogo juu ndio sababu mama yuko huko na ndio mnalipia. Miongozo ya kimataifa ya nyonga iliyovunjika inataka mgonjwa aanze kuinuliwa siku inayofuata operesheni, siku inayofuata, si wiki inayofuata, isipokuwa kama daktari wa mifupa amekataza kwa sababu anayoijua. Kwa hivyo swali la kwanza ni ile karatasi ya kutoka hospitali alikofanyiwa operesheni. Inasema aliwekewa nini, nyonga ya bandia ama chuma cha kushikilia mfupa, na inasema anaruhusiwa kukanyaga kiasi gani, uzito wote, nusu, ama asikanyage kabisa? Utashangaa ni mara ngapi mgonjwa analazwa wiki nzima kwa sababu hiyo karatasi haikufika kituoni na kila mtu anaogopa kumsimamisha. Kama haipo, piga simu hospitali uitafute wewe mwenyewe, omba itumwe, siku hiyo hiyo. Na kama ni nyonga ya bandia uliza kama daktari alikataza kuinama sana, kukunjana miguu au kukaa kiti cha chini, na hayo makatazo yajulikane na kila mtu anayemwinua, hata wa zamu ya usiku.

Usiulize "anafanyiwa fizio?" Utajibiwa ndio. Uliza: wiki iliyopita alikuwa anahitaji watu wangapi kutoka kitandani kwenda kwa kiti, na wiki hii ni wangapi? Alitembea hatua ngapi na woka, ile fremu ya kushikilia? Anakaa kwenye kiti muda gani kabla achoke? Kuna kipimo kinaitwa Barthel kinaangalia mambo kumi ya kila siku, kula, kuoga, kuvaa, choo, kutembea, ngazi na kadhalika, kinajazwa kwa dakika chache, uliza kama walimpima alipoingia na lini watampima tena. Kama hawakitumii, sawa, tumia daftari lako. Kila wiki swali ni lile lile, ameweza nini ambacho wiki iliyopita hakuweza. Wiki ikipita na jibu ni hakuna, basi kuna kitu kinamzuia, kinaitwa jina na kinashughulikiwa, iwe ni maumivu, ni usingizi wa dawa, ni damu kupungua baada ya operesheni, ni kutokula au ni kwamba fizio hakuja. Sijasema ni lazima ni kosa la kituo. Nasema ni lazima ijulikane.

Maumivu ndio yanaua fizio ya wazee wengi. Wamama wetu wamefundishwa kuvumilia tangu wakiwa wasichana, mtu anaulizwa uko na uchungu anasema "niko sawa mwanangu", halafu mwanafizio akifika anakataa kusimama, inaandikwa mgonjwa amekataa. Omba dawa ya maumivu apewe kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya fizio, na uliza daktari kama anaeza kupewa parasetamoli kwa saa zake bila kungoja mpaka alie, maana ikifanywa hivyo mara nyingi haja ya zile kali inapungua na usingizi nao unapungua. Na ukumbuke fizio mwenyewe anakaa naye labda nusu saa. Zile saa zingine zote nani anamfanya nini? Chai ya asubuhi anywe akiwa kwenye kiti, chakula cha mchana kwenye kiti, choo atembezwe, hizo ni mazoezi kuliko kukunja goti mara kumi akiwa amelala.

Na hapo ndio naingia kwa daipa. Wengi wanaona daipa ni mambo ya usafi, kumbe ni mambo ya kutembea. Mama aliyekuwa anaenda choo mwenyewe akivalishwa daipa kwa sababu wafanyakazi ni wachache, anapoteza safari sita saba za kutembea kila siku, ngozi inaloa, na haya anayoiona inamfanya aache kunywa maji, akiacha kunywa maji anachanganyikiwa zaidi. Usianze kwa kulaumu. Sema: "Mama alikuwa anaenda choo mwenyewe mpaka siku aliyoanguka, tunaomba apelekwe akiamka, baada ya kila chakula, na kabla ya kulala, usiku awekewe komodi, kile kiti chenye ndoo ya choo, kando ya kitanda." Kama ana kateta, ule mpira wa mkojo, swali ni moja tu, inatolewa tarehe ngapi na kama haitolewi ni kwa nini, maana kadri inavyokaa ndio bakteria wanavyoingia.

Mwangalie ngozi, dada. Nenda wakati anaogeshwa, omba kusaidia, ni mama yako hakuna aibu. Angalia visigino, mfupa wa juu ya makalio, nyonga zote mbili, viwiko. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu lakini kwa ngozi yetu nyeusi huo wekundu hauonekani, unatafuta mahali pamekuwa peusi zaidi au pa zambarau, pa moto kuliko pembeni, pagumu ama palaini kupita kawaida, ama mama anaruka ukipagusa. Ukiona hivyo mwite nasi hapo hapo mwangalie pamoja, iandikwe na tarehe. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa kama mbili, na visigino viinuliwe na mto chini ya ndama visiguse godoro. Chakula nacho, kidonda na msuli havijengwi na uji wa sukari peke yake. Mayai, maziwa, maharagwe, omena, na omena hapa Kisumu si ya kutafuta, uliza kama unaeza kuleta imepikwa. Kama anakohoa kila akinywa maji usilete kitu kwanza, sema kwa nasi, akalishwe wima kabisa wakati wa kula na abaki ameketi nusu saa baadaye.

Sasa hayo yote unayasema kwa nani na namna gani, bila kugombana. Hofu yako kwamba watamkasirikia mama naielewa na sitakuambia ni ya bure. Lakini kwa venye nimeona, mgonjwa anayesahaulika ni yule ambaye hana mtu anayejulikana, na yule ambaye watoto wake wanne wanapiga simu kila mtu kivyake, mmoja anauliza, mwingine anafoka, yule anayeishi mbali kama Doha anatuma ujumbe saa nane usiku, mpaka manasi wanaanza kukwepa simu. Chagueni msemaji mmoja. Jina lake na namba yake iandikwe kwenye faili, na kituo kijue akisema yeye familia imesema. Wengine wapate kazi zingine, mmoja pesa na risiti, mmoja atafute karatasi na eksirei, mmoja atayarishe nyumba kule Vihiga. Wa mbali asidharauliwe, lakini maswali yake yapitie kwa msemaji.

Na hapa niseme kitu kinachonigusa. Mara nyingi binti ndiye anaenda, anaosha, anajua mama amekula nini, halafu siku ya kuamua daktari anauliza "kijana mkubwa yuko wapi?" na uamuzi unapitia kwa simu ya mtu ambaye hajafika. Ongeeni na kaka yenu mapema, kwa upole, kwamba heshima yake iko palepale lakini wa kuongea na daktari ni yule anayemwona mama. Na kabla ya nyinyi wote, mama mwenyewe aulizwe. Akiwa macho na akili zimetulia, mara nyingi ni asubuhi, muulize anataka nini, anaogopa nini, nani anataka amsemee. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 9, inasema mgonjwa akishindwa kukubali matibabu mwenyewe, mtu ambaye alimpa idhini kwa maandishi anaweza kukubali kwa niaba yake. Kwa hivyo akitulia, na mama akikubali, hiyo barua iandikwe, atie sahihi au kidole mbele ya shahidi, iwekwe kwenye faili. Inamaliza mabishano mengi.

Anayefaa kuulizwa ni nasi mkuu, ama matroni kama yupo, si yule dada anayepiga deki ingawa yeye ndiye ataona mengi na umsalimie kila siku kwa jina lake. Usiende wakati wa kubadilisha zamu, asubuhi na jioni, hapo hata akitaka hawezi kukusikiliza. Omba kikao cha familia, wewe, nasi mkuu, mwanafizio, na daktari akiwepo, nusu saa inatosha, kama kuna aliye mbali aingie kwa simu. Nenda na maswali matatu usiende na kumi na saba. Lugha ya "nisaidie kuelewa" inafungua milango mingi, na "nani alifanya hivi?" inaifunga. Mkishakubaliana andika papo hapo nani atafanya nini na lini, uwatumie ujumbe wa asante wenye hayo hayo ndani, hiyo sasa ni kumbukumbu. Ukiona jambo zuri lisifu kwa jina la mtu, na iwe kweli. Usipige picha za wagonjwa wengine, na hata ya mama usiiweke kwenye grupu ya ukoo mzima akiwa kwenye hali ambayo yeye hangependa kuonekana.

Kwa sababu uko Nakuru na hiyo barabara ya Kericho si ya kila siku, tafuta macho mengine. Shangazi, binamu anayesoma Maseno, akina mama wa kanisa lake, wawe wa Friends au PAG, wale wanaenda kuona wagonjwa hata bila kuombwa. Waende siku tofauti na saa tofauti, mmoja saa ya chakula cha mchana, mwingine jioni. Hawaendi kupeleleza. Wanaenda kumlisha, kumwongelesha Kimaragoli, kumfungulia pazia aone mchana ni mchana, na kukuandikia amekula nini, alikuwa kwenye kiti au kitandani.

Kuna dalili ambazo hazina kikao wala msemaji. Pumzi kukata ghafla au kifua kuuma, ndama moja kuvimba na kuuma, mguu wa operesheni kuonekana mfupi au umegeuka nje na maumivu mapya makali, kidonda kutoa usaha, homa, mdomo kwenda upande, au kutoamka ukimwita. Hapo ni hospitali kubwa mara moja, na sheria hiyo hiyo ya 2017 inampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura. Hiyo ya pumzi na ya ndama inaeza kuwa damu imeganda, kwa hivyo uliza pia kama bado anadungwa sindano ya kuizuia na inaisha lini, kwa nyonga mara nyingi inaendelea kama mwezi mzima na nimeona ikikatika njiani kwa sababu tu mgonjwa alihamishwa.

Ukishaongea vizuri na hakuna kinachobadilika, andika barua kwa mwenye kituo au msimamizi, fupi, tarehe na mambo, bila matusi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ikishindikana kuna idara ya afya ya kaunti, kuna baraza la madaktari la KMPDC ambalo ndilo linatoa leseni za vituo, leseni inafaa iwe ukutani uisome, na kuna mabaraza ya manasi na ya wanafizio kwa mtu binafsi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa na wapate matunzo ya familia na ya serikali. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya wa 2013 unakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Huna haja ya kuingia ukizisoma kwa sauti, lakini ukijua ziko unaongea umetulia.

Pesa kidogo tu. Omba invoisi ya kila wiki yenye kila kitu kimeandikwa, daipa ngapi, fizio mara ngapi, ulinganishe na daftari lako. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na humo mzazi hayuko chini ya kadi ya mtoto, anasajiliwa kivyake, angalia kwa *147# kama usajili wa mama unafanya kazi, na uliza kituo kama kina mkataba na SHA na kwa huduma gani, jibu liwe kwa maandishi. Na msitishwe kwamba hatatoka mpaka deni liishe, Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2015, kwenye kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha katiba. Deni linabaki deni, mtalipa kwa mpango, lakini mama si rehani.

Hizo siku kumi sasa. Tarehe ya kutoka isitokane na kalenda, itokane na nyumba anayoenda. Kituoni sakafu ni tambarare, choo ni cha kukalia, taa ziko. Vihiga ni mlima na mawe, mvua ikinyesha njia ya choo ni utelezi ule ule uliomwangusha, choo ni cha shimo cha kuchuchumaa, na kiti cha sebuleni ni kile cha kuzama. Chukua video ya nyumba yote na simu, kutoka kitandani mpaka chooni, mpaka jikoni, umwonyeshe mwanafizio, mwambie, afanyishwe mazoezi ya hii nyumba. Fundi wa hapo kijijini atawatengenezea kiti cha mbao chenye shimo katikati cha kuweka juu ya choo au juu ya ndoo usiku, na atainua kitanda na kiti kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa imara, visiteleze. Wekeni mti wa kushikilia njia ya choo, taa ya sola, na viatu vya kufunika kisigino, patipati zifichwe.

Yule atakayekaa naye, awe msichana wa kazi au shangazi, aje Kisumu angalau siku mbili kabla, amwinue mama yeye mwenyewe mwanafizio akiangalia, si kuonyeshwa tu. Mkono usivutwe, ashikwe kiunoni. Karatasi za kutoka ziwe na orodha ya dawa na kila moja inaisha lini, eksirei, mazoezi ya nyumbani, tarehe ya kliniki ya mifupa, na namba ya kupiga mkikwama. Fizio isikatike, ulizeni nafasi hospitali ya rufaa ya kaunti pale Mbale kabla hajatoka. Na mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, wale waliotumwa mwaka 2023 na mikoba yenye mashine ya presha, apite wiki ya kwanza. Msikubali kutoka Ijumaa jioni, dawa ikikosekana mtaikosa mpaka Jumatatu.

Na kama siku ya kumi ikifika na mama bado hawezi kutoka kitandani bila watu wawili, muulize nasi mkuu na mwanafizio waandike ni kwa nini, ni nini kingine kingefanywa kwa wiki mbili zaidi, na kwa gharama gani. Labda watakuambia wazi kwamba kwao amefika mwisho, basi mtafute kwingine. Labda wataongeza siku. Lakini fomu ya kutoka ikiletwa na ndani imeandikwa "anatembea mwenyewe" na wewe umemwona hatembei, andika ulichokiona hapo hapo kando, kwa mkono wako, kabla ya kutia sahihi, na uondoke na nakala.